Sokwe wa Gombe hawawezi kubeba lawama zetu

Likitokea tukio la kutisha, mtu kamkata mkewe kwa panga au kundi la vijana limempiga kibaka mpaka kufa, maelezo ya kwanza utakayoyasikia kijiweni ni yale yale: mnyama aliyemo ndani yao aliamka. Anayesema hivyo huenda asijue kwamba anatumia nadharia nzima kuhusu binadamu. Nadharia yenyewe inadai kwamba chini kabisa tumerithi silika za wanyama, kali na zisizoona mbele, na kwamba dini, malezi na sheria vipo ili kuzikandamiza. Mkono unaokandamiza ukilegea, mnyama anatoka.

Ni nadharia ya kale na imeenea dunia nzima. Mkazi wa Kigoma, hata hivyo, ana sababu ya kuitilia shaka kuliko mtu wa mahali pengine. Mkoa huu una misitu miwili ambamo sokwe, mmoja wa wanyama walio karibu nasi zaidi kwa damu, amefuatwa na kuandikwa habari zake kwa takriban miaka 60 na ushei. Wa kwanza ni Gombe, kilomita kama 16 kaskazini ya mji, ambako mtafiti Mwingereza Jane Goodall alishuka kwenye boti Julai 1960 na ambako kazi aliyoianza inaendelea hata baada ya yeye kufariki Oktoba 2025. Wa pili ni Mahale, mbali kusini katika ufuko huo huo wa Ziwa Tanganyika, ambako watafiti Wajapani wakiongozwa na Toshisada Nishida walianza mwaka 1965. Ukisoma yaliyotoka katika misitu hiyo miwili, ile picha ya mnyama aliyefungiwa chini ya utu inaanza kuvunjika, na inavunjika mahali usipopatarajia. Maovu yetu makubwa zaidi ndiyo yanayodai akili ya kibinadamu kwa wingi zaidi.

Kwanza tuelewane silika ni nini, maana neno hili linabebeshwa mizigo mingi. Mholanzi Niko Tinbergen, mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa kuchunguza tabia za wanyama, alimwangalia bata bukini anayeatamia. Yai likitoka kidogo nje ya kiota, bukini ananyoosha shingo, analiweka chini ya mdomo na kulivuta taratibu kurudi ndani. Ukilinyakua yai katikati ya safari, haachi. Anaendelea kuvuta hewa tupu mpaka kiotani. Hiyo ni silika kwa maana yake kamili: tendo ambalo likishaanzishwa na ishara fulani, linakwenda hadi mwisho hata kama sababu yake imeondoka.

Watu wengi wanaposema silika huwa wanamfikiria bukini huyo. Tatizo ni kwamba ukisogea kwa wanyama wenye ubongo mkubwa, matendo ya namna hiyo yanakuwa machache, na mahali pake panashikwa na kitu kingine kigumu zaidi kukieleza. Miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Marekani Susan Mineka na wenzake walichukua tumbili waliozaliwa na kukulia maabara. Tumbili hao hawakuogopa nyoka hata kidogo. Walipoonyeshwa tumbili wa porini akipiga kelele na kurudi nyuma mbele ya nyoka, wakaanza kuogopa, na hofu ikabaki. Hapo mtu angesema basi, kuogopa nyoka ni jambo la kujifunza tu. Watafiti wakaenda hatua moja mbele. Walitengeneza video iliyomwonyesha tumbili yule yule akishtuka vilevile, ila mbele yake pana maua. Waliotazama hawakujifunza kuogopa maua.

Tafakari matokeo hayo kidogo kabla ya kuendelea. Tumbili hazaliwi na hofu ya nyoka, wala hazaliwi mtupu. Anazaliwa akiwa tayari kujifunza hofu fulani upesi na nyingine kwa shida. Ndivyo ilivyo kwa lugha. Mtoto wa Mwandiga, hapa Kigoma, hazaliwi na Kiha kichwani, lakini anazaliwa na utayari wa kunasa lugha ambao hakuna mbuzi wa Mwandiga aliyewahi kuwa nao. Ukimuuliza mtu kama kusema ni silika au ni mafunzo, umemuuliza swali bovu. Maswali mengi tunayobishania kuhusu asili ya mtu yana ubovu huo huo.

Sokwe wenyewe ndio ushahidi mzuri zaidi, na kwa bahati tunaweza kulinganisha misitu yetu miwili. Sokwe wa Gombe na wa Mahale ni wa jamii moja, wanakaa kando ya ziwa moja, tena wana vyakula vingi vinavyofanana. Lakini tazama michikichi. Kule Gombe ipo mingi, na sokwe wanaipenda. Wanamenya nyama ya nje ya tunda, ile ile tunayoikamua mawese. Mahale michikichi ipo pia, na sokwe wa huko wanaipita kama haipo. Ukienda Bossou, nchini Guinea, utakuta sokwe wanaweka kokwa la mchikichi juu ya jiwe na kulivunja kwa jiwe jingine ili wale kiini. Gombe mawe yapo na kokwa zipo, ila ufundi huo haupo.

Siafu nao vivyo hivyo. Sokwe wa Gombe huingiza kijiti kirefu kwenye makao ya siafu, akasubiri wapande, kisha akawapangusa kwa kiganja na kuwatupia mdomoni kabla hawajamng'ata. Wa Mahale siafu hawana habari nao. Wao wanavua sisimizi wakubwa weusi waishio ndani ya miti, kwa vijiti vyembamba. Huko Mahale pia, sokwe wawili wanaochambuana manyoya hushikana mikono juu ya vichwa, kila mmoja akitumia mkono uliobaki kumchambua mwenzake. Jambo hilo liliandikwa kwa mara ya kwanza miaka ya 1970, na jirani zao wa Gombe hawana desturi hiyo. Mwaka 1999 watafiti wa vituo mbalimbali barani Afrika waliweka kumbukumbu zao pamoja, wakapata tabia 39 zinazotofautiana kati ya kundi na kundi bila mazingira peke yake kuweza kuzieleza. Hizo ni mila. Kama mnyama naye ana mila, hatuwezi kuendelea kusema kwamba silika ni yake na mafunzo ni yetu.

Kuna kisa kimoja cha Mahale ambacho nadhani kingestahili kujulikana na kila mwanafunzi wa Kigoma. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman alikuwa porini pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyekuwa mtumishi wa hifadhi na mjuzi wa dawa za miti. Walikuwa wakimfuata sokwe jike aliyepewa jina la Chausiku. Siku hiyo alikuwa mgonjwa na mlegevu. Akachuma tawi la mti mchungu ambao sokwe hawauli kila siku, akalimenya gome, akatafuna kiini, akafyonza maji yake na kutema makapi. Kalunde aliutambua mti huo papo hapo: kwao ni dawa ya tumbo. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa amepata nafuu. Wataalamu wa dunia walikuja kuupima mti ule baadaye, lakini aliyeusoma kwanza pale porini alikuwa Mtongwe. Na usiniulize kama Chausiku alifanya vile kwa silika au kwa kufundishwa, maana tumeshaona kwamba hapo hatupati jibu.

Sasa tuingie kwenye damu, kwa sababu ndiko mjadala wenyewe uliko.

Miaka ya mwanzo, Goodall aliamini kwamba sokwe ni wapole kutuzidi. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi kubwa la Gombe likagawanyika. Walio wengi walibaki Kasakela, na madume wachache pamoja na majike walihamia upande wa kusini, bonde la Kahama. Walikuwa wamekua pamoja na kuchambuana manyoya kwa miaka. Tarehe 7 Januari 1974, kundi la Kasakela likiwa na madume sita waliokomaa liliteremka kusini kimyakimya na kumkuta Godi wa Kahama akila peke yake mtini. Walimshusha, mmoja akamkandamiza chini, wengine wakampiga na kumng'ata kwa takriban dakika kumi. Hilali Matama, mmoja wa watafiti wa Kitanzania waliozijua sura za sokwe wale kuliko mtu yeyote, alikuwepo akishuhudia. Godi hakuonekana tena. Mmoja baada ya mwingine, hadi mwaka 1978, madume wote wa Kahama walikuwa wameuawa au wametoweka, pamoja na mzee Goliath ambaye zamani alikuwa mkubwa wa wote, na ambaye miongoni mwa waliomshambulia walikuwepo waliomfahamu tangu utotoni.

Habari hizo zilileta ubishi mkali. Wakosoaji walisema chanzo ni ndizi. Tangu miaka ya mwanzo ya 1960 watafiti walikuwa wakiwapa sokwe ndizi ili wazoee watu, na kituo cha ndizi kilikusanya madume wengi mahali pamoja na kuzidisha ugomvi. Kwa hiyo, walisema, vita ile ilipandwa na binadamu. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Lakini mwaka 2014 watafiti 30 waliweka mezani kumbukumbu za makundi 18 ya sokwe kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, wakapata mauaji 152 yaliyoshuhudiwa, kuthibitishwa kwa dalili, au kushukiwa. Makundi yaliyolishwa na watu au kusumbuliwa na ukataji wa misitu hayakuongoza kwa mauaji. Sokwe huua hata asipokutana na ndizi zetu.

Wanaopenda nadharia ya mnyama aliyefungiwa hufurahi wakifika hapa. Wasiharakishe, kwa sababu kumbukumbu hizo hizo zina hesabu nyingine. Katika mashambulizi yale, kwa kawaida washambuliaji walikuwa wanane dhidi ya mmoja. Na kule Kibale, Uganda, mwaka 2001 ilichapishwa habari ya jaribio ambalo watafiti walificha spika msituni wakapiga sauti ya dume mgeni. Sokwe waliokuwa madume watatu au zaidi walijibu kwa makelele na kuifuata sauti. Waliokuwa wachache kwa kawaida walinyamaza, na waliisogelea mara chache zaidi. Huyo siye bukini anayevuta yai ambalo halipo. Ni mnyama anayehesabu wenzake, anayenyamaza anapokuwa dhaifu, anayekwenda doria kwa utulivu mpakani na kuanza vita pale tu ambapo yeye hataumia. Ghadhabu isiyojizuia haikuwepo hata huko Gombe.

Na upole nao una mizizi humo humo. Mwaka 1987 ugonjwa wa mapafu uliua sokwe kadhaa wa Gombe, na Mel, mtoto wa miaka mitatu na kidogo, akabaki yatima. Alikuwa dhaifu, mwenye minyoo, na kila mtu alitarajia kufa kwake. Aliyembeba ni Spindle, dume aliyekuwa bado kijana, ambaye hakuwa ndugu yake wa karibu. Alimweka mgongoni, akalala naye kiota kimoja, akagawana naye chakula, na akamwondoa njiani madume wakubwa walipopandwa na hasira, ingawa yeye mwenyewe alipigwa kwa kufanya hivyo. Miaka kumi na mitano nyuma, Flint alikuwa amekufa kwa huzuni majuma machache baada ya mama yake, Flo, kufa kandokando ya kijito. Alikuwa na miaka minane, umri wa kujitafutia chakula, na akagoma kula. Halafu katika kundi hilo hilo, katikati ya miaka ya 1970, jike aliyeitwa Passion na binti yake Pom waliwanyang'anya majike wenzao watoto wachanga na kuwala. Ukitaka kumtumia sokwe kama shahidi wa asili ya mtu, itabidi ukubali ushahidi wake wote.

Tena sokwe si ndugu yetu pekee. Ng'ambo ya Mto Kongo, upande wa kusini, anaishi bonobo, ambaye ukaribu wake nasi ni sawasawa na wa sokwe. Kwake majike huungana na kuwadhibiti madume, na makundi mawili yakikutana huweza kula pamoja kwenye mti mmoja. Katika ule utafiti wa mwaka 2014, makundi manne ya bonobo yalitoa kifo kimoja tu, nacho cha kushukiwa. Tusimfanye malaika: utafiti wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba madume wa bonobo hugombana wao kwa wao mara nyingi kuliko hata sokwe, ila hawauani. Basi huyo mnyama aliyemo ndani yetu ni yupi? Tumeachana na wote wawili kwa wakati mmoja, miaka milioni sita au saba iliyopita, na hakuna hati inayosema tumerithi upande wa Gombe tukauacha ule wa Kongo.

Richard Wrangham, aliyewahi kuwa mwanafunzi Gombe miaka hiyo ya 1970, amependekeza tutenganishe aina mbili za ukatili ambazo kwa kawaida tunazichanganya. Upo wa ghafla, unaotokana na hofu au kuchokozwa, wenye moyo kudunda na ngumi kutangulia akili. Na upo wa kupangwa: baridi, wenye lengo, unaosubiri wakati. Kwa ule wa kwanza binadamu ni mpole kupita kiasi. Simama Kibirizi asubuhi boti zinapofika kutoka Kongo na Burundi. Watu wasiofahamiana, lugha tatu nne, madumu ya mawese, magunia ya dagaa, mtu kakanyagwa, mwingine kapunjwa chenji, wote wamebanana kwenye fukwe nyembamba. Itatoka mitusi. Dume mgeni wa sokwe akiingia peke yake katikati ya madume wa kundi jingine, habari yake imekwisha. Wrangham anakadiria kwamba kupigana ndani ya kundi ni kwa kawaida mara mia kadhaa zaidi kwa sokwe kuliko kwa jamii za watu.

Kwa ule ukatili wa pili, hata hivyo, hakuna anayetukaribia. Anachoeleza Wrangham ni kwamba mababu zetu walianza kushirikiana kuwaondoa wababe wa ghafla, na kwa vizazi vingi wakabaki watu wapole wenye uwezo mkubwa wa kupanga. Sehemu hiyo ya mwisho bado inabishaniwa, nami siishikilii sana. Lakini mgawanyo wenyewe unaeleza mengi, na Kigoma ina mfano ambao haukutungwa na mtu yeyote.

Usiku mmoja wa Mei 1975, vita vya Kasakela na Kahama vikiwa katikati, watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire ya wakati huo, wakaingia Gombe na kuteka vijana wanne waliokuwa kwenye utafiti, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja. Walikuwa waasi wa Laurent Kabila, yule aliyekuja kuwa rais miaka 22 baadaye. Waliondoka na mateka wao kwa boti usiku huo huo. Baadaye mmoja aliachiwa, akarudi Kigoma na barua za madai: fedha, silaha, na wenzao waliokuwa wameshikiliwa Tanzania. Mazungumzo yakachukua wiki nyingi, na mwishowe wote wakarudi salama. Watafiti wa kigeni waliondolewa msituni kwa sababu za usalama, na waliobaki kufuata sokwe kila siku, daftari mkononi, walikuwa Watanzania kutoka vijiji vya jirani. Kumbukumbu nyingi za miaka ya mwisho ya vita ya Kahama tunazo kwa sababu yao, jambo ambalo vitabu vya nje hulitaja kwa mstari mmoja.

Weka matukio hayo mawili sambamba. Ni msitu mmoja, kipindi kimoja, na yote ni uvamizi wa kundi dhidi ya wachache. Sokwe wa Kasakela hawezi kuteka. Hawezi kumweka Godi hai ili amuuze kwa kitu asichokiona leo, hana barua, hajui fedha wala ahadi. Kuteka kunahitaji uweze kuingia kichwani mwa mzazi aliye California na kukadiria maumivu yake. Uwezo huo ndio unaotufanya tumhurumie mfiwa tusiyemjua. Ni uwezo mmoja, matumizi mawili.

Ujiji nayo ina historia hiyo. Misafara iliyotoka pale kupitia Tabora hadi Bagamoyo, ikiwa na watu shingoni mnyororo, haikuendeshwa na watu waliopandwa na mori. Iliendeshwa kwa mikopo ya wafanyabiashara wa Zanzibar, kwa mahesabu, mikataba, bei za pembe na za watu, na kwa subira ya safari ya miezi. Karne iliyofuata, familia zilizokimbilia Kigoma kutoka nchi jirani zilikimbia mambo ya aina hiyo hiyo. Rwanda mwaka 1994 kulikuwa na redio, vitambulisho vilivyoandikwa kabila, orodha za majina na vizuizi barabarani. Aliyesimama kwenye kizuizi akisoma kitambulisho hakuwa amepoteza akili. Alikuwa anaitumia.

Kuna sehemu moja ambapo sokwe anafanana nasi kwa karibu mno, nayo ni lile kundi linalompiga kibaka. Wanane kwa mmoja, hakuna anayeumia, kila mmoja anaongeza pigo lake kwa sababu wengine wamepiga. Hesabu ni ile ile ya Gombe. Hata hapo, kinachowakusanya ni neno, "mwizi!", lililotamkwa na mtu ambaye pengine hakuona chochote, na wanaokuja mbio wanaliamini kutoka mbali. Sokwe huua anayemwona kuwa mgeni. Sisi tunaweza kumgeuza jirani kuwa mgeni kwa sentensi moja. Kwa maoni yangu, anayetaka kuzuia mauaji ya namna hiyo asihangaike na mahubiri ya kumtuliza mnyama. Ashughulike na ile hesabu. Mtu akijua kwamba atatambuliwa kwa jina, na kwamba katika wale wanane yeye atajibu peke yake, mkono unakuwa mzito.

Sheria yetu, ajabu, ilishaufahamu mgawanyo huu kabla ya wanasayansi kuupa majina. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia ni makosa mawili yenye adhabu tofauti: la kwanza hukumu yake ni kunyongwa, la pili kifungo kinachoweza kufika maisha. Na mtu aliyeua akiwa katika ghadhabu iliyotokana na kuchokozwa ghafla, kabla hasira haijapata muda wa kupoa, kosa lake hushushwa kutoka la kwanza kwenda la pili. Silika inapewa nafasi yake, nafasi ndogo, tena yenye kipimo.

Mei 2002 sokwe aitwaye Frodo, dume mkubwa wa Gombe, alimnyakua mtoto wa miezi 14 aliyekuwa na mlezi wake ndani ya hifadhi, akamuua. Sokwe wa Gombe mara nyingi huwinda watoto wa mbega wekundu wanapokutana nao, na kwa Frodo lile lilikuwa windo. Familia ilibaki na msiba usioelezeka, na hakukuwa na mahakama ya kumpeleka. Frodo aliishi hifadhini hadi alipokufa mwaka 2013.

Mtu anapeleka utetezi wa Frodo mahakamani kila anaposema kwamba mnyama ndani yake ndiye aliyeua. Jaji hatamuuliza kuhusu mnyama. Atauliza tusi lilitamkwa saa ngapi na pigo lilitua saa ngapi, panga lilikuwa mkononi au lilifuatwa nyumbani, na kama lilifuatwa, ni mwendo wa dakika ngapi kwenda na kurudi.